Kabla ya kuita kikao cha kumtunza mama, nunueni daftari

Mama yetu alianguka usiku mmoja wa Machi 2023, akitoka chooni, kijijini Mpunguzi, njia ya kwenda Iringa. Mvua ilikuwa imenyesha jioni, uwanja unateleza, na kijitochi alichokuwa nacho kilizima njiani. Alilala pale nje mpaka mdogo wetu wa mwisho, anayeishi naye, aliposikia sauti yake. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia nje, tena umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Alikuwa na miaka 79.

Toka usiku ule mpaka alipoingizwa chumba cha upasuaji zilipita siku 11. Mbili za mwisho zilikuwa za maandalizi ya hospitali. Tisa zilizobaki zilikuwa zetu sisi, watoto wake watano, tukibishana kwenye simu. Nayaandika haya kwa sababu ya siku hizo tisa, na kwa sababu najua leo kuna nyumba nyingine hapa Dodoma ambako mzazi amelala chumbani huku watoto wanarushiana maneno sebuleni.

Kaka yetu mkubwa, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, alisema mama asiguswe mpaka yeye afike. Dada anayemfuata, aliyeolewa Manyoni, alisema kisu kitamuua, apelekwe kwa mzee anayeunga mifupa. Mdogo wangu wa Mwanza alisema tuombe kwanza. Kitinda mimba hakusema kitu, maana hakuna aliyemuuliza, na mikono yake ilikuwa na kazi ya kuuegemeza mguu wa mama kwa mito. Mimi, wa tatu kuzaliwa, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, nyumba yangu iko Nkuhungu. Nilikuwa katikati ya simu zote, na kila aliyenipigia nilimwambia anachotaka kusikia. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na ndilo ninalokuomba wewe usilirudie.

Muulizeni mwenyewe

Siku tatu za kwanza mama alikuwa nyumbani, mguu umefungwa vijiti na mzee mmoja wa kuunga mifupa. Siku ya nne tulimleta hospitali mjini. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa paja umevunjika kwenye shingo, pale unapoingia nyongani. Daktari akatueleza kwamba afadhali upasuaji ufanyike mapema, na sisi tukajibu kwamba tunaomba muda tushauriane. Tukashauriana. Siku ya tisa muuguzi alikuja na fomu ya ridhaa, akauliza nani anasaini. Nikasema namsubiri kaka. Yule muuguzi aliniangalia kidogo, kisha akamgeukia mama aliyekuwa amelala pale pale mbele yetu. "Bibi, umeelewa alichosema daktari?"

"Nimeelewa," mama akasema. "Wanipasue. Nataka niende chooni kwa miguu yangu."

Akaweka dole gumba. Jambo likaisha.

Siku tisa, watoto watano, sijui simu ngapi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Tulimwonea huruma mpaka tukasahau kwamba ni mtu mzima mwenye akili timamu, aliyetulea watano na kumzika mume. Mzazi mwenye akili zake ndiye mwenye uamuzi juu ya mwili wake. Watoto wanashauri, wanalipa na kubeba, lakini wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Namna ya kuuliza ina ustadi wake. Usimuulize mbele ya umati, kwa sababu mbele ya umati mzazi wa Kigogo atakwambia "mimi nipo sawa tu, fanyeni mnavyoona." Muulize asubuhi akiwa amepumzika na ameshakunywa uji. Aulize yule anayezungumza naye kwa uhuru, na mara nyingi huyo si mtoto mkubwa. Kwetu ni binti yangu wa miaka 16, mjukuu wake, ambaye humsuka nywele na kuongea naye Kigogo kibovu kinachomchekesha. Mambo aliyomwambia mjukuu hakuwahi kuniambia mimi.

Tena usimpe swali kubwa mno. "Unataka kukaa wapi?" ni swali zito, kwa sababu ndani yake anasikia anaulizwa ni mtoto gani anampenda zaidi. Tulipomuuliza "ukiamka asubuhi unapenda kuona nini?" alitaja kuku wake na mlango unaotazama mashariki. Tulipomuuliza "kitu gani kinakusumbua hapa mjini?" akasema kimya kimya kwamba anaona aibu kuwa mgeni katika nyumba ya mke wa mtu. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyanyooshe. Muulize tena baada ya siku kadhaa. Akirudia jambo lile lile, hilo ndilo lake.

Kama mzazi wenu ameanza kupoteza kumbukumbu, msifikiri basi hana neno. Huwa na saa zake nzuri. Zitafuteni, mumpe uchaguzi mdogo: hiki au kile, leo au kesho. Kwa yale makubwa asiyoweza tena kuyapima, kumbukeni alikuwa akisema nini zamani alipowaona wazee wengine wakiuguzwa. Wazazi wetu husema sana mambo haya, hasa wakirudi msibani, ila tulikuwa hatusikilizi.

Daftari

Baada ya upasuaji mama alikuja kwangu Nkuhungu, kwa kuwa mazoezi ya mguu yalikuwa mjini. Hapo ndipo ugomvi wa pili ulipoanza, ule wa akae wapi. Kaka alisema namng'ang'ania mama ili pesa za matunzo zipitie mkononi mwangu. Dada akasema mke wangu hana moyo na mama, alisikia hivyo. Kikao cha kwanza, Aprili, kilivunjika kabla chai haijapoa.

Kilichotuokoa ni kaunta buku lililobaki katika vitu vya shule vya mwanangu. Mke wangu alilianza kwa ajili ya kukumbuka saa za dawa tu. Kwa sababu ya zile siku nyingi za kulala bila kugeuka, mama alikuwa ameanza kidonda sehemu ya chini ya mgongo, na tuliambiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Mke wangu akawa anaandika saa aliyomgeuza, asije akachanganya. Kisha akaongeza mengine. Huu ni usiku mmoja, nanakili ulivyo:

Saa 6:10 usiku, kumgeuza, dakika 15. Saa 8:25, haja ndogo, kubadilisha shuka, dakika 40. Saa 10:15, kumgeuza, analalamika maumivu, dakika 20. Saa 11:30, haja kubwa, kumsafisha, kuosha kidonda, dakika 35.

Baada ya hapo kulikucha, na mke wangu alikuwa na genge lake la mboga la kufungua.

Nikajumlisha wiki moja. Saa 61 za kazi. Kuamka mara 26 usiku. Usingizi mrefu kuliko wote alioupata mke wangu wiki ile ulikuwa wa saa mbili na dakika arobaini. Mimi nilikuwa nalala chumba kile kile na sikuyajua haya.

Basi nakuomba: kabla hamjaita kikao, andikeni wiki moja. Chorea ukurasa sehemu tano: saa, jambo, aliyelifanya, muda uliotumika, pesa iliyotoka. Yaandikwe yaliyofanyika na si yanayouma. Usiandike "fulani hakupiga simu." Ukiandika lawama, daftari linakuwa la mtu mmoja na wengine hawataliamini. Kama mtunzaji hajui kuandika au amechoka, mtoto wa shule anaweza kumuuliza jioni na kuandika. Wiki moja inatosha, lakini iwe wiki nzima, kwa sababu usiku wa Jumapili haufanani na mchana wa Jumanne.

Daftari hilo lina faida nyingine: daktari analipenda. Ukimwambia "mama halali vizuri" hana la kushika. Ukimwonyesha kwamba maumivu yanaanza saa 10 alfajiri kila siku, anajua dawa ya usiku haifiki asubuhi.

Nani akae kikaoni

Katika kikao cha kwanza mke wangu alikuwa jikoni. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na kwa desturi wakwe hawakai kwenye mambo ya ukoo. Kwa hiyo watu sita tulikaa tukiamua kuhusu kumwogesha mama, kumlisha na kumwamkia usiku, na kati yetu sita hakuna aliyekuwa anaifanya kazi hiyo. Mikono iliyokuwa inaifanya ilikuwa inaosha vikombe vyetu. Nilikaa kimya. Nilidhani ni adabu.

Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao: anayemgeuza mgonjwa lazima awe na kiti, na kuhusu mambo ya mikono yake neno lake lizidi la wengine. Awe mke wa mtoto, awe mjukuu, awe dada wa kazi. Mkipanga jambo ambalo yeye hawezi kulifanya, mmepanga hewa.

Ila usiende kulitangaza hilo mbele ya wazee, utaharibu. Mimi nilimfuata baba mdogo Mpunguzi siku mbili kabla ya kikao cha pili, na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Tukakaa chini ya mwembe wake, tukazungumza habari za mvua na zabibu, mpaka akaniuliza mwenyewe mama anaendeleaje. Nikamfungulia daftari, nikamsomea usiku ule mmoja. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Huyu ni mkeo peke yake?" Siku ya kikao, kabla ya sala, yeye mwenyewe alisema, "Mkwe wetu aje aketi hapa karibu yangu." Hakuna aliyebisha. Ningesema mimi, tungekuwa tunagombana mpaka leo.

Mwenyekiti awe mtu ambaye uamuzi hauongezi wala haupunguzi kitu mfukoni mwake: baba mdogo, mjomba, mchungaji au shehe wa mtaa, jirani mzee anayeheshimika. Mtoto mkubwa asiongoze, hata kama ndiye anayetoa pesa nyingi. Akiongoza, kila anayempinga anaonekana hana adabu, na watu wataanza kukubali kwa mdomo na kukataa kwa vitendo.

Walio mbali wawekwe kwenye simu yenye sauti ya juu, iwekwe mezani katikati, na atakayepiga ahakikishe bando linatosha. Mdogo wangu wa Mwanza alikatika mara mbili katika kikao cha kwanza, na mpaka leo ana hakika kwamba tulimkata. Kundi la familia la WhatsApp nalo liwe la taarifa tu: amekula nini, kidonda kinaendeleaje, kliniki ni lini. Uamuzi wowote usifanyike humo. Ujumbe wa sauti wa dakika nne unaotumwa saa 5 usiku na mtu mwenye hasira utasikilizwa mara kumi, na kila mara utauma upya.

Baba mdogo alifanya jambo moja ambalo nalipendekeza kwa kila familia. Badala ya kuanza na mkubwa, alimpa nafasi kitinda mimba kwanza. "Wewe ndiye uliyekuwa naye miaka yote. Tuambie mama yako alikuwaje kabla hajaanguka." Yule binti akasema mambo tusiyoyajua: kwamba macho ya mama yalikuwa yamefifia tangu mwaka uliopita, kwamba usiku alikuwa anapapasa ukuta, kwamba alimwomba asituambie. Baadaye mama alikwenda hospitali ya Mvumi kutolewa mtoto wa jicho, na sasa anatuona tukiwa bado mlangoni.

Halafu nikasoma daftari. Nilisoma polepole, bila kuongeza neno. Nilipofika kwenye usiku kaka aliuliza, "Mara nne?" Mke wangu akajibu, "Huo ulikuwa usiku wa kawaida, shemeji."

Kinachosemwa chini ya kinachosemwa

Dada yangu wa Manyoni hakuwa anapenda vijiti vya mzee yule kuliko hospitali. Mama mkwe wake alipelekwa kupasuliwa miaka ya nyuma, hakurudi. Niliyajua hayo mwezi mmoja baada ya ugomvi, kwa sababu sikuwahi kumuuliza, nilikuwa namhesabu kuwa mshamba. Ningemuuliza mapema "dada, unaogopa nini hasa?", ningempa simu azungumze na daktari mwenyewe. Angemsikia akieleza kwamba mkono uliovunjika ni habari nyingine, lakini mzee aliyevunjika nyonga akilala wiki nyingi bila kusimama hupata vidonda, nimonia, na damu kuganda miguuni, na kwamba kulala nako kunaua.

Kaka naye hakuwa anatafuta ukubwa. Baba alipofariki hakuwahi kufika, basi liliharibika njiani, tukazika. Ndiyo maana alisema asiguswe mpaka afike.

Kwa hiyo mtu akishikilia msimamo usioeleweka, muulize anaogopa nini kabla hujamjibu. Yapo maneno yanayofungua na yanayofunga. "Mbona hukuja?" linafunga. "Unaweza kuja lini, na ukija unaweza kukaa siku ngapi?" linafungua. "Sisi ndio tunaoteseka huku" linafunga. "Jumamosi na Jumapili hakuna mtu wa usiku, nani anaweza?" linafungua. Nayo haya ya nani kamroga mama, yakiingia kikaoni, mwenyekiti ayatoe nje mara moja. Kwetu yalitajwa, yakaelekezwa kwa mwanamke mmoja jirani asiye na kosa, na ilitubidi kwenda kumwomba radhi.

Kuhusu daktari, ninayo machache. Waende wawili, mmoja azungumze, mwingine aandike, na mmoja wao awe yule anayelala na mgonjwa. Swali lenye faida kuliko yote ni hili: "Tusipofanya kitu, itakuwaje?" Lingine: "Akirudi nyumbani atahitaji nini kila siku?" Tuliporuhusiwa hatukuuliza hilo la pili, tukafika nyumbani hatuna hata kiti cha kumkalisha chooni.

Pesa, na mikono

Mimi ni mtumishi wa serikali, na mama yumo kwenye bima yangu ya afya ya NHIF kama mtegemezi. Ndugu zangu wakadhani basi kila kitu kimelipwa. Bima hailipi sabuni. Kama katika familia yenu kuna mtumishi ambaye hajawaandikisha wazazi, afuatilie nafasi zake za wategemezi sasa, wakati mzazi ni mzima. Kama hakuna, jueni kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na wazee wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Utaratibu unaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na afisa ustawi wa jamii, kwa ajili ya kitambulisho cha matibabu. Kifuatilieni kabla ya kuugua. Hospitali kubwa nazo zina afisa ustawi wa jamii. Muulizeni alipo siku ya kwanza, msisubiri bili.

Gharama zetu za mwezi zilizobaki nje ya bima, kutoka kwenye daftari, zilikuwa hizi: pampasi za watu wazima shilingi 96,000, bajaji ya kwenda na kurudi mazoezini 64,000, sabuni, glavu na vitu vya kidonda 22,000, maziwa, mayai na samaki 70,000, na dada wa kazi tuliyemwongeza 80,000. Jumla 332,000. Kabla ya kuandika, kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani. Kaka aliamini ni laki moja, mimi nilikuwa nasema laki tano.

Hatukugawa sawa kwa sawa, na nawashauri msigawe hivyo. Kaka alichukua 150,000. Mimi 82,000, na nyumba. Wa Mwanza 70,000. Dada 30,000, lakini pia anakuja kutoka Manyoni kwa wiki mbili kila baada ya miezi mitatu, na katika wiki hizo mke wangu haamki usiku hata mara moja. Kitinda mimba hatoi hata senti, analinda nyumba, zabibu na mifugo. Tuliandika mchango wa kila mmoja kwa jina lake, wa pesa na wa mikono, katika ukurasa mmoja, ili anayetuma pesa asijione kamaliza kila kitu, na anayeamka usiku asionekane kana kwamba hachangii.

Hizo wiki mbili za kumpumzisha mtunzaji msizione kuwa za anasa. Mke wangu alikuwa ameanza kumjibu mama kwa ukali, naye si mtu mkali. Niliona analia nyuma ya nyumba kwa aibu. Mtu aliyenyimwa usingizi miezi miwili hana tofauti na mgonjwa.

Mdogo wangu wa Mwanza alitoa miezi minne, akaacha. Sijafaulu kulimaliza hilo. Tulijaribu kumdai kundini, akatoka kundini. Sasa pengo lake tumelifunika mimi na kaka, na ninampigia kila Jumapili kumpa mama azungumze naye, bila kutaja pesa. Mama hajui, na tumekubaliana asijue.

Ng'ombe na shamba vingoje siku yake

Msichanganye kikao cha matunzo na kikao cha mali. Mara tu mtu alipotaja kuuza ng'ombe wa mama, sura za watu zilibadilika, na hakuna aliyekumbuka kidonda. Wekeni siku nyingine. Na ikifika, kumbukeni kwamba mwenye mali yupo hai. Mama ana ng'ombe saba na ekari moja ya zabibu. Alipoulizwa alisema wauzwe madume wawili kwenye mnada wa Msalato, majike wasiguswe, na shamba abaki nalo kitinda mimba kulihudumia. Akasema mbele ya baba mdogo na mwenyekiti wa kijiji, ikaandikwa, akaweka dole. Mauzo yale yalinunua godoro zuri na kujenga choo cha kukaa kule Mpunguzi, karibu na mlango, chenye taa na bomba la kushikilia. Kama choo kile kingekuwepo mwaka mmoja kabla, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Mkikwama kabisa, msiende kwa ndugu wa kuchochea. Nendeni kwa kiongozi wa dini anayemtembelea mgonjwa, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, hasa ikiwa mzee anapigwa, ananyimwa chakula, au anafungiwa ndani. Hayo si ugomvi wa familia, na yasifichwe kwa jina hilo. Kuna mtu kwetu alipandwa na hasira akasema basi tumpeleke makazi ya wazee, kule Sukamahela, Manyoni. Makazi yale ya serikali ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mama alisikia kupitia ukutani. Semeni taratibu, nyumba zetu zina kuta nyembamba.

Tarehe ya kurudia

Chini ya ule ukurasa andikeni tarehe ya kukaa tena, miezi mitatu mbele. Mtu hukubali kwa urahisi zaidi jambo la miezi mitatu kuliko la milele. Kaka aliyekataa katakata mama kukaa mjini alikubali "mpaka Agosti, tuone." Na hali ya mzee haisimami mahali pamoja: aliyekuwa anageuzwa Mei anaweza kuwa anajikalisha Agosti, au kinyume chake.

Sisi tumeshakaa mara kadhaa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kaka anakuja kila baada ya miezi miwili, anashuka Ijumaa jioni, na usiku wa Jumamosi analala yeye chumba cha pili akisikiliza kama mama ataita. Kumwogesha hawezi, ni mwanaume, lakini maji anachota na kuyapasha, na mashuka anafua.

Katika kikao cha Agosti 2024 mama alikaa nasi mwenyewe, ameegemeza fimbo yake ya miguu minne kwenye goti. Baba mdogo alimuuliza ana neno gani. Akasema mguu sasa unamtosha, anataka kurudi Mpunguzi msimu wa zabibu ukiisha, na kama bado hatujakubaliana, basi wakati tukiendelea kuzungumza tumletee kuku wake hapa Nkuhungu, maana asubuhi bila jogoo hajui kama kumekucha. Mke wangu akafungua daftari, ukurasa mpya, akaandika: kuku sita na jogoo, banda, nani analeta. Kaka akasema andika jina langu.